Kiyoyozi na Umeme wa Gari-Nyumba: Mwongozo Kamili kwa Anayejenga Juu ya Coaster

Usiku wa mwishoni mwa Machi katika pwani ya Tanga hauna upepo wa kutegemea. Kaskazi imekwisha kuchoka, kusi haijaingia, na katika siku hizo za maleleji mtu aliyelala ndani ya bodi ya chuma hugundua kwamba kitanda kizuri, jiko na tangi la maji havimsaidii kitu ikiwa shuka limelowa jasho kufikia saa nane za usiku. Hapo ndipo wengi wanapokwenda kununua kiyoyozi, wakakifunga juu ya paa, na baadaye wakaanza kutafuta umeme wa kukiendesha. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha mwendo huo: unaanza na joto lenyewe, unakuja kwenye kiyoyozi, kisha betri, kisha njia za kuijaza betri, na waya huja mwishoni, kwa sababu kila hatua hupangiwa ukubwa wake na ile iliyotangulia.

Mfano utakaotumika ni Toyota Coaster iliyogeuzwa kuwa gari-nyumba la watu wawili, kwa kuwa ni bodi inayopatikana kwa urahisi Tanzania na Kenya, ina urefu wa kumwezesha mtu kusimama, na Coaster nyingi za dizeli zina mfumo wa volti 24, jambo ambalo litatufaa sana huko mbele. Mwenye Hiace atapunguza vipimo na kukumbuka kwamba gari lake kwa kawaida ni la volti 12.

Pima usiku kwa yuniti

Kila mtu aliyewahi kununua LUKU anajua yuniti ni nini, hata kama hajui kwamba yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa nzima. Tumia kipimo hichohicho ndani ya gari. Usikubali kuzungumza na muuzaji kwa lugha ya "betri kubwa" au "sola ya kutosha", bali muulize betri hiyo ina yuniti ngapi na paneli hizo huleta yuniti ngapi kwa siku.

Chukua karatasi uandike usiku mmoja mbaya kuliko yote unaotarajia kulala garini, siyo usiku wa kawaida. Kwa mfano wetu, kiyoyozi kitafanya kazi kwa saa nane kwa wastani wa wati 450, ambao nitaueleza baadaye jinsi unavyopatikana, na hizo ni yuniti 3.6. Friji ya kompresa inayotumia moja kwa moja umeme wa betri hula takriban wati 50 inapowaka, na ikiwaka nusu ya muda ni yuniti 0.6 kwa saa 24. Taa, feni, simu na kompyuta tuzipe yuniti 0.4. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, nayo hula sehemu yake: hupoteza karibu asilimia kumi ya umeme inaougeuza, na hata pale isipobebeshwa kitu huchukua wati 20 hadi 50 kwa kuwa tu imewashwa, kwa hiyo tuiwekee yuniti 0.4. Jumla ni yuniti 5 kwa usiku na mchana wake. Nambari hiyo ndiyo itakayotuongoza, na kupika hakumo ndani yake kwa makusudi. Mtungi mdogo wa gesi utachemsha chai kwa gharama ndogo kuliko betri yoyote, na sioni sababu ya kununua betri za ziada kwa ajili ya birika la umeme la wati 2,000.

Punguza joto kabla ya kununua ubaridi

Coaster ilijengwa kwa ajili ya abiria wanaotaka kuona nje. Ina vioo kila upande, paa la bati jembamba, na injini iliyokaa mbele ndani ya chumba kilekile cha dereva. Jua la utosini hapa kwetu linaweza kuleta karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na kioo kinachopigwa na jua moja kwa moja huingiza sehemu kubwa ya joto hilo. Mita nne za mraba za vioo visivyozibwa zinaweza kukuongezea mzigo unaozidi kilowati moja ya joto, kabla hujahesabu paa wala watu.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye kuziba. Ondoa vioo usivyovihitaji, hasa vya nyuma na vya upande wa kitanda, uvifidie kwa bati na plaiwudi. Vilivyobaki vitengenezewe vifuniko vinavyoakisi mwanga, vya kufungwa kwa nje kila inapowezekana, kwa sababu kifuniko cha ndani huzuia mwanga baada ya joto kukwisha kupita kwenye kioo. Kati ya bati la nje na ubao wa ndani weka sponji ya vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, yenye unene usiopungua milimita 25. Epuka sponji ya godoro na pamba ya viti, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu, na unyevu huo ukigusana na bati lililopozwa na kiyoyozi hugeuka maji, maji yakabaki ndani ya sponji, na baada ya misimu miwili utakuwa na kutu usiyoiona. Sakafu nayo isisahauliwe, hasa pale bomba la moshi linapopita chini yake.

Sehemu ya dereva itengwe na chumba cha kulala kwa pazia zito linalogusa sakafu. Kioo cha mbele ni kikubwa, injini iliyozimwa jioni huendelea kutoa joto kwa saa kadhaa, na hakuna faida ya kupoza usukani usiku.

Tofauti ya kazi hii si ndogo. Chumba cha kulala cha Coaster, chenye urefu wa mita 4.5 hivi, kina karibu mita 38 za mraba za kuta, paa na sakafu zinazopitisha joto. Bila sponji, tofauti ya nyuzi sita kati ya nje na ndani huingiza zaidi ya wati 1,200 za joto usiku kucha. Kwa sponji ya milimita 25 iliyobandikwa vizuri, joto hilo hushuka hadi karibu wati 300. Hakuna kiyoyozi kitakachokupa nafuu ya mara nne kwa bei ya shiti za sponji na gundi.

Kutoka joto hadi BTU

Sasa jumlisha. Usiku, baada ya kuziba, una wati 300 kupitia kuta, takriban wati 100 kwa kila mtu aliyelala, friji kidogo, na hewa yenye unyevu inayoingia kwenye mianya ambayo huifanyia kiyoyozi kazi ya kukausha pamoja na kupoza. Hesabu hiyo inafika karibu kilowati moja ya joto. Mchana, paa likiwa limechemka na vioo vinapigwa na jua, mzigo uleule hupanda hadi kilowati 2.5 au 3. Kilowati moja ya ubaridi ni BTU 3,412 kwa saa, na BTU ndicho kipimo cha joto kinachoandikwa kwenye viyoyozi, kwa hiyo mchana unahitaji kiyoyozi cha BTU 9,000 hadi 10,000, lakini usiku unahitaji BTU 3,500 tu.

Pengo hilo ndilo jambo la maana kuliko yote katika uchaguzi wa kiyoyozi cha gari. Kiyoyozi cha kompresa ya kawaida hakijui kufanya kazi nusu: huwaka kwa nguvu zake zote, hupoza chumba kidogo kwa dakika chache, huzima, kisha huwaka tena. Kwa kuwa hakikai kikiwaka kwa muda wa kutosha, hakikaushi hewa, na wewe unalala katika ubaridi wenye unyevunyevu kama ndani ya pango, huku kila mwanzo wa kompresa ukivuta mkupuo mkubwa wa umeme kutoka kwenye inveta. Kiyoyozi cha kompresa inayobadili kasi, ambacho madukani huitwa AC ya inveta, hushuka hadi wati 250 au 300 na kukaa hapo kimyakimya. Wastani wa wati 450 niliouweka mwanzoni unatokana na kiyoyozi cha namna hii cha BTU 9,000, kilichowekwa nyuzi 26, kikianza kwa nguvu saa ya kwanza na kutulia baadaye. Ukikiweka nyuzi 18, kama wafanyavyo watu hotelini, hesabu yote ya ukurasa huu imevunjika.

Usidanganywe pia na imani kwamba BTU nyingi zaidi ni usalama zaidi. Mtu mwenye Coaster iliyozibwa vizuri akifunga kiyoyozi cha BTU 18,000 anajinunulia kelele na uzito, na unyevu hautamtoka.

Kiyoyozi cha aina gani

Njia zilizo wazi kwa mjenzi wa hapa ni nne, na sipendi moja tu kwa kila mtu.

Ya kwanza ni kiyoyozi cha kipande kimoja cha juu ya paa, kilichotengenezwa kwa ajili ya magari-nyumba, mfano vile vya Dometic. Uzuri wake ni kwamba kimejengwa kustahimili mtikisiko, gesi yake imefungwa kiwandani, na huingia katika tundu la paa la kipimo maalumu: vya Ulaya kwa kawaida sentimita 40 kwa 40, vya Marekani karibu sentimita 36 kwa 36. Ubaya wake ni kwamba kina uzito wa kilo 30 hadi 45 juu kabisa ya gari, kinakula nafasi ya paneli, kinanguruma juu ya kitanda, na kikiharibika Singida hutapata kipuri cha kesho. Pima pia urefu mpya wa gari lako kabla hujaingia chini ya mwembe wa kambi au lango la nyumba ya wageni.

Ya pili ni kile cha kuwekwa chini ya kiti au kitanda, kinachovuta na kutoa hewa kupitia matundu ya sakafuni. Kampuni ya Truma ya Ujerumani inajulikana kwa vya namna hiyo. Ni kimya na uzito unakaa chini, lakini matundu ya sakafuni katika barabara zetu za vumbi na tope ni mwaliko wa matatizo, na mimi nisingekishauri kwa mtu anayetoka kwenye lami.

Ya tatu ni AC ya nyumbani ya vipande viwili, ya inveta, BTU 9,000, kipande cha ndani kikiwa ukutani na cha nje kikiwa nyuma ya gari. Wapo wanaoicheka, lakini ina hoja nzito: kila mji wa Afrika Mashariki una fundi anayeijua, gesi za R-410A na R-32 zinapatikana, bei yake ni ndogo, na hula umeme mdogo kwa ubaridi uleule. Tatizo lake ni mtikisiko. Bomba la shaba lililovutwa moja kwa moja litapasuka shingoni pale penye nati, kwa hiyo mtake fundi alizungushe mizunguko miwili mikubwa kabla ya kuingia ukutani ili liweze kucheza, kipande cha nje kikae juu ya raba nene na fremu iliyofungwa kwenye chesisi wala siyo kwenye bati la mlango, na nati zikaguliwe kwa povu la sabuni baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya. Nyuma ya gari ndiko vumbi linakojikusanya, basi tengeneza kifuniko cha turubai cha kuvaa wakati wa safari, ukiandika mahali pa wazi kwamba kivuliwe kabla ya kuwasha. R-32 inaweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutofanya mzaha na viungo vya bomba.

Ya nne ni kiyoyozi cha malori, kinachoendeshwa moja kwa moja na betri ya volti 24 ili dereva alale injini ikiwa imezimwa. Hakihitaji inveta, kwa hiyo unaokoa ile asilimia kumi. Vingi huvuta ampea 30 hadi 40 vinapofanya kazi kwa nguvu zote. Soma kibandiko kwa makini, kwa kuwa muuzaji hukutajia ubaridi wa juu kabisa na umeme wa chini kabisa kana kwamba vyote viwili hutokea pamoja. Kwa Coaster inayolala watu wawili na isiyotumia kiyoyozi sana mchana, hiki ni chaguo la akili.

Uamuzi wangu kwa mfano wetu ni ile ya tatu kwa mtu anayekaa zaidi pwani na kwenye lami, na ya nne kwa anayezunguka mbugani. Kile kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja la kutolea hewa dirishani kiache dukani: kila hewa kinayotoa nje huvuta hewa nyingine ya moto kuingia kupitia mianya, na unalipa umeme wa kupoza Bahari ya Hindi.

Kiyoyozi cha injini kilichokuja na Coaster usikitoe. Kikiwa kizima, dakika 40 za mwisho za safari, mapazia yakiwa wazi, hupoza kitanda, makabati na kuta, na AC ya usiku inaanza kazi ikiwa imeshasaidiwa.

Tahadhari kuhusu vifaa vya Japani na Marekani

Magari-nyumba yaliyotumika yanaletwa kutoka Japani yakiwa na vifaa vyake vyote, na mnunuzi hufurahi kuona kiyoyozi, maikrowevu na soketi. Umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu ni volti 230 na hezi 50. Kifaa cha volti 100 kikichomekwa kwenye soketi yetu huungua mara moja. Transfoma ya kushusha volti inasaidia nusu ya tatizo tu, kwa kuwa haibadili hezi: mota iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole kwenye hezi 50, hupata joto kuliko ilivyokusudiwa, na kompresa hufa taratibu bila mwenyewe kujua sababu. Niliwahi kubeba kiyoyozi kizuri cha volti 115 kwa bei ya kutupa, nikakiendesha kwa transfoma, na kikadumu masika moja. Kwa anayelinunua gari la namna hiyo, ni heri avitoe vifaa vyote vya umeme wa nyumbani na kuvibadili, au abakize inveta ya volti 100 kwa vifaa vidogo vya ndani na asiuchanganye kamwe waya wake na ule wa nje.

Betri

Tunahitaji yuniti 5. Betri ya risasi, hata ile inayoitwa ya sola au ya jeli, haipendi kushushwa chini ya nusu. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 (zidisha hizo mbili, ugawe kwa 1,000) ina yuniti 2.4 kwenye karatasi na 1.2 mkononi, kwa hiyo ungehitaji zaidi ya nne, kila moja ikiwa na karibu kilo 60. Hizo ni kilo 240 na zaidi, nazo zitachoka mapema kwa sababu unazifanyisha kazi nzito kila usiku.

Lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4, inakubali kushushwa asilimia 80 kwa maelfu ya mizunguko. Pakiti ya volti 25.6 na ampea-saa 280 ina yuniti 7.2, na asilimia 80 yake ni yuniti 5.7, ikitosha usiku wetu na kubakiza kidogo. Uzito wake ni kama robo ya zile za risasi. Kwa mfumo wa kiyoyozi sishauri tena betri ya risasi, hata kwa mwenye fedha kidogo, kwani ni afadhali alale na feni kwa mwaka mmoja akikusanya.

Soma mambo matatu kwenye pakiti: ampea ambazo kidhibiti chake cha ndani kinaruhusu mfululizo, ambazo kwa inveta ya wati 3,000 zisipungue 150, kiwango cha joto inachoruhusiwa kuchajiwa, na ujazo halisi. Huo wa tatu usiusome tu, uupime. Seli zilizotumika na kubandikwa nembo mpya zimejaa sokoni. Chaji betri ijae, ipe mzigo unaojulikana wa wati 500, na uhesabu saa mpaka izime. Pakiti ya yuniti 7.2 inapaswa kukaribia saa 13 kama mzigo utapitia inveta. Ikizima baada ya saa nane, irudishe siku hiyohiyo.

Iweke ndani ya chumba, chini ya kitanda, mbali na injini, ikiwa imefungwa kwa boliti na mkanda wa chuma. Joto ni adui wake, na sanduku la bati linalochomwa na jua nje ya bodi litaila miaka yake.

Kuijaza tena

Altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, ndiyo rafiki wa msafiri, ila usiiunganishe na lithiamu kwa waya mtupu. Betri ya lithiamu iliyo tupu huvuta kila ampea inayopata, na altaneta inayozunguka polepole kwenye foleni ya Ubungo haipati upepo wa kujipoza, hivyo huungua. Weka kati yao chaja ya DC-DC, inayopokea umeme wa altaneta na kuupitisha kwa kiasi kilichopimwa, na ukubwa wake usizidi nusu ya ampea zilizoandikwa kwenye bamba la altaneta. Chaja ya ampea 30 kwenye volti 27 huleta takriban wati 800. Safari ya saa nne kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, pamoja na foleni zake, hurudisha yuniti 3.2.

Paneli za sola kwenye paa la Coaster zinaingia tatu za wati 400 ukipanga vizuri, iwapo kiyoyozi hakiko juu. Ukichukua saa tano za jua kamili na ukikata asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na hasara za waya, unapata yuniti 4.2 kwa siku njema. Kwa latitudo zetu kuzilaza bapa hakuna hasara kubwa, kwa kuwa jua hupita karibu na utosi. Ziinue sentimita tano juu ya bati: upepo unaopita chini yake huzipoza, na zenyewe zinalitilia paa kivuli, faida ambayo watu huisahau. Kidhibiti cha kuchaji kati ya paneli na betri kiwe cha MPPT, aina inayokamua umeme mwingi zaidi kwenye paneli.

Sasa angalia hesabu ya mtu aliyeegesha bila kusafiri. Anaanza na yuniti 5.7, analala, anabaki na 0.7, jua linamrudishia 4.2, na anaingia usiku wa pili akiwa na 4.9. Alfajiri ya pili ataifikia akikwangua, na usiku wa tatu hataumaliza. Wakati wa masika, mawingu yakitanda, huenda asiumalize hata wa pili. Kuegesha kivulini nako ni mtihani, maana mwembe unaokupunguzia joto ndio huohuo unaozima paneli, na kivuli cha tawi moja kinaweza kushusha paneli nzima. Paneli ya kukunjwa ya wati 200 yenye waya mrefu, inayowekwa juani wakati gari liko kivulini, huamua ugomvi huo kwa kiasi.

Soketi ya kambini ni ya kushukuru na ya kushuku. Ya ampea 13 kwa hesabu hutoa karibu wati 3,000, lakini mwisho wa waya mrefu uliotoka jikoni kwa mwenye kambi unaweza kukuta volti 190. Chomeka kwanza kifaa cha kupimia volti, kisha kile kinachokata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, kama tunavyolinda friji majumbani. Waya wa kuvutia umeme uwe wa milimita 2.5 za mraba, na ukiwa umezungushwa kwenye roli, ufunue wote, kwa sababu ukibaki umejizungusha huku unabeba mzigo wa kiyoyozi hupata joto hadi plastiki iyeyuke. Mlangoni mwa gari pawe na kikatizi cha uvujaji wa umeme cha miliampea 30. Bodi ya chuma iliyosimama kwenye nyasi zenye maji si mahali pa kujaribu bahati.

Jenereta niiseme kwa ufupi. Ndogo ya aina ya inveta, ya kilo 20 hivi, hutosha kuijaza betri mchana, na haipaswi kuendesha kiyoyozi usiku, kwa heshima ya majirani na kwa sababu ya moshi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu waliolala. Jenereta ikae mita kadhaa upande upepo unakoelekea, kamwe isiwe chini ya gari wala barazani, na ndani pawe na king'ora cha hewa hiyo. Kumbuka pia kwamba hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo ile ya wati 1,800 itakupa chini ya 1,600 Dodoma. Ukipanda zaidi, Iringa au ukingo wa Ngorongoro, hutaihitaji AC bali blanketi.

Inveta, waya na fyuzi

Chagua inveta ya wimbi safi, inayotoa umeme unaofanana na wa gridi, kwa maana ile ya bei rahisi ya wimbi la ngazi hupasha moto mota na huua vidhibiti vya AC. Wati 3,000 zinatosha. Hakikisha ni wati, kwani kVA 3, kipimo kingine kinachoandikwa kwenye inveta, mara nyingi ni wati 2,400.

Volti 24 zinalipa hapa. Wati 3,000 kwenye volti 24 huvuta karibu ampea 140 ukihesabu hasara, na kwenye volti 12 huvuta 280. Fundi wa redio za magari atakuletea waya wa milimita 10 za mraba akisema umetosha miaka yote. Kwa umbali wa mita mbili kwenda na mbili kurudi, waya huo ungepoteza karibu volti moja na kugeuza wati 135 kuwa joto ndani ya ukuta wa mbao na sponji. Waya wa milimita 50 hupoteza chini ya volti 0.2. Tumia huo, uwe wa shaba halisi, na viungo vyake vibanwe kwa mashine ya haidroliki, si kwa nyundo.

Fyuzi ya ampea 200 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka nchani mwa betri, na iwe ya aina inayoweza kukata mkondo wa maelfu ya ampea, kwa kuwa lithiamu ikigusana nguzo kwa nguzo hutoa kiasi hicho bila kusita. Fyuzi ya vioo ya redio haikati moto huo, bali huubeba. Ongeza swichi kubwa ya kuzima kila kitu, mahali unapoifikia ukiwa nje ya gari, na kizima-moto karibu na mlango.

Lala uani kwanza

Kabla ya kuahidi familia safari ya Pangani, egesha gari uani, zima kila chanzo cha kuchaji, na ulale humo usiku mmoja wa joto. Andika kiasi cha betri saa tatu za usiku, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili za asubuhi. Gusa viungo vya waya wa betri kwa nyuma ya mkono baada ya saa ya kwanza: vuguvugu kunavumilika, moto kunamaanisha kiungo kirudiwe. Angalia maji ya kiyoyozi yanatoka nje yote au mengine yanashuka ndani ya ukuta. Ikiwa yuniti zilizoliwa zinazidi zile za karatasi yako, usikimbilie betri ya pili, bali shika ubani uliowashwa, zunguka nao polepole kwenye mianya ya milango na vioo, uone moshi unayumba wapi, na mkebe wa silikoni uwe mkono wa pili.